Tangi Lisilo na Alama ya Nyundo

Inspekta Eugénie Mukamurenzi alilizunguka lile tangi mpaka waliokuwa wakimtazama wakachoka. Aliinama, akanyooka, akapiga goti, akafumba jicho moja kama mtu anayepima ukuta, na bado hakujua anatazama nini.

Tangi lilikuwa juu ya meza ya mbao, katikati ya karakana ya Maman Nasiba, pale Kamembe. Lilikuwa tangi la mafuta la pikipiki, la alumini, limeng'arishwa hivi kwamba ukiliinamia unaiona pua yako. Kwa maneno ya kila aliyeliona jana asubuhi, lilikuwa limejaa vizuri kila ubavu, kama papai lililoiva. Leo mbavu zote mbili zilikuwa zimeingia ndani, karibu kugusana, na juu yake kulikuwa na mkunjo mrefu wa kusikitisha. Lakini halikuwa na mkwaruzo hata mmoja. Aliyeliharibu aliliharibu bila kuligusa.

"Tuanze tena, Maman Nasiba. Polepole."

Nasiba alishusha pumzi. Alikuwa mjane wa fundi sufuria aliyejulikana mji mzima, na sasa karakana ilikuwa yake, na ufunguo wake ulining'inia shingoni chini ya mtandio.

"Nilitoka ku sala ya adhuhuri. Nikaingia. Nikakuta tangi iko chini, pa sakafu ya sima, imeharibika vile unaiona. Nikalia, Afande. Nikasema, pengine kuko kintu ndani. Nikafungula kifuniko."

"Halafu?"

"Halafu ikavuta pumzi."

"Nani alivuta pumzi?"

"Tangi. Fyuuu! Sawa muntu mwenye alikuwa anakufa mu maji. Nilikimbia mpaka ku barabara, kiatu kimoja kikabaki humu."

Mukamurenzi hakuliandika hilo. Katika kazi yake alikwisha kuletewa majini ya kila namna, na hakuna hata moja lililowahi kufika mahakamani.

"Kwa hiyo kifuniko kilikuwa kimefungwa."

"Kimefungwa kabisa. Nilitumia mikono mbili."

Hilo aliliandika.

Pikipiki yenyewe ilisimama ukutani, uchi, imebaki mifupa na injini. Ilikuwa ya Kijerumani, ya miaka ya sitini, na mwenyewe alikuwa mzee mmoja mfanyabiashara wa Bukavu aliyevuka nayo daraja la Rusizi kwenda na kurudi hadi uzee ulipomshusha. Mzee alifariki mwaka jana. Jumamosi familia yake ingeondoa matanga, na mwanawe, Muderhwa, alitaka pikipiki ya baba itangulie mbele ya watu wote kutoka kanisani. Kutu ilikuwa imekula mwili wa zamani, kwa hiyo karakana ya Nasiba ilifua mwili mpya wa alumini, kipande kwa kipande. Madigadi, mkia na vifuniko vya ubavuni vilikuwa vimetundikwa ukutani, vizima, vinang'aa.

Na hapo ndipo inspekta alipoanza kupotea njia. Mtu mwenye hasira na nyundo mkononi, kwa nini aishie kwenye tangi peke yake?

"Mungali munaangalia?" sauti ilisema mlangoni. Ni Muderhwa, suti ya bluu, viatu vimejaa vumbi la makamyo ya sementi. "Fundi mwenye aliharibu eko déjà mu kasho, kule polisi. Munatafuta nini ingine?"

"Natafuta namna alivyoiharibu, Papa Muderhwa."

"Namna! Alisema yeye mwenyewe, mbele ya bantu. Miye nilitaka rangi nyekundu, sawa ile ya papa. Yeye akasema, kuliko kuipaka rangi, heri aiponde na nyundo. Barabara nzima ilisikia." Alilitazama tangi. "Maman yangu haoni muzuri tena, Afande. Ile nyekundu njo angeitambua. Sasa Jumamosi nitamuonesha nini? Hii sahani?"

Mukamurenzi alimwonea huruma, akaudhika kwa kumwonea huruma. Mkuu wake wa kituo aliona kesi imeiva: tishio lilisikika, fundi alikuwa peke yake ndani, na shahidi aliyelinda mlango hakuona mwingine akiingia. Faili ingepanda kwa mwendesha mashtaka leo kabla ofisi hazijafungwa, na fundi angepelekwa gerezani kusubiri. Inspekta ndiye aliyeomba asubuhi hii moja zaidi, na hakuweza kumweleza mtu kwa nini, ila ile alumini ilikuwa laini mno, safi mno.

"Akipelekwa, amekwisha," Nasiba alisema, kama aliyemsikia akiwaza. "Hata bamuachilie kesho. Fundi wa kuvunja kazi yake mwenyewe, nani atamupatia kazi? Hapa ao Bukavu."

Mukamurenzi akamwambia askari aliyekuwa nje amlete Cubaka, yule fundi, kutoka kituoni.

Cubaka aliletwa na pingu mikononi. Alikuwa mtu mrefu wa Bukavu, mwembamba, mwenye vidole vilivyoungua ungua kwa kulehemu. Hakumsalimu mtu. Alikwenda moja kwa moja mezani, akaweka mikono yake yote miwili, kwa vile hakuweza kuweka mmoja, juu ya ubavu wa tangi, na akaipitisha taratibu kama anayetafuta mahali mtoto anapoumia.

"Nieleze ulivyoitengeneza," alisema inspekta.

"Yote?"

"Yote."

Alieleza. Bati la alumini ni gumu likitoka dukani, kwa hiyo alilipaka sabuni na kulichoma mpaka sabuni ikawa nyeusi, hapo linalainika. Akaligonga kwa nyundo ya mti juu ya mfuko wa ngozi uliojaa mchanga, likachukua umbo, akalilainisha tena, akaligonga tena. Vipande viwili, ubavu na ubavu, akavilehemu kwa gesi na ile dawa ya unga inayosaidia alumini kushikana. Jana ilikuwa siku ya mwisho.

"Ile dawa ni mbaya," alisema. "Ukiiacha ndani inakula chuma. Inaomba maji ya kuchemuka. Nilifunga tundu ya robine, pale mafuta inatokea, na buloni, nikamwanga maji ya moto ndani, nikatikisa, nikamwanga inje. Tena na tena. Kisha nikaitia ku jiko, juu ya makaa kidogo, ile maji yenye ilibakia ikauke. Nikaenda ku soko kutafuta robine."

"Kifuniko?"

"Nilikiacha pembeni. Utaikaushaje na kifuniko?"

"Maman Nasiba aliikuta imefungwa."

"Niliiacha wazi."

"Na iko chini, si ku jiko," Nasiba akaongeza kwa sauti ndogo.

"Niliiacha ku jiko."

"Anasema uongo!" Muderhwa akaruka.

"Uongo wa nini?" Cubaka hakuinua sauti. "Papa Muderhwa, nilisema ile neno. Nilikasirika. Muntu anapiga alumini mpaka inakuwa sawa maji, unakuya unamuambia aifunike na rangi. Lakini angalia. Nyundo inaacha alama. Fimbo inaacha alama. Hata kidole changu kinaacha. Unipatie siku nzima na vyombo vyote vya humu, siwezi kuifanya vile."

"Basi nani aliifanya?"

Cubaka alimtazama inspekta, na machoni mwake hakukuwa na ujanja wowote. "Sijue, Afande. Sikulala. Nilifikia hata kusema pengine ni miye, pengine niliichoma sana ikajichokea. Lakini alumini inachoka kwa siku moja?"

Mukamurenzi alichukua kipande cha alumini kilichobaki, akakifunga kwa kitambaa, akakipiga nyundo. Alama. Akakibana kwenye jiliwa, ile taya ya chuma iliyofungwa mezani, na gunia katikati. Alama. Akafikiria mtu mnene akilikalia, lakini mtu mnene angelibonyeza juu, si mbavuni, na mnene pekee aliyekuwepo alikuwa askari wake, ambaye jana alikuwa kule Muganza kwenye kesi ya kuku. Akamtazama Muderhwa pia, kwa sababu mtu anayetaka rangi na kunyimwa naye ana hasira. Lakini Muderhwa jana adhuhuri alikuwa upande wa pili wa daraja. Karatasi za mpakani zilionyesha alitoka asubuhi na kurudi jioni.

Kichwa kilianza kumuuma. Alikuwa na tangi lililopondwa bila kupondwa, lililosogea bila kusogezwa, likafungwa na hakuna aliyelifunga. Na lilivuta pumzi, Mungu amsaidie.

"Nabaki na mukecuru, yule bibi wa maziwa," alisema, akavuka barabara.

Mukecuru Nyiransabimana aliuza maziwa kwenye kibanda kilichotazamana na karakana, na ndiye shahidi aliyemtia Cubaka pingu. Aliketi katikati ya makopo yake marefu ya maziwa, kila moja na kifuniko chake, akiwa amenyooka kama anayepigwa picha. Inspekta mwenyewe alikuwa mteja wake. Alimpa kijerikeni chake kidogo cha plastiki, kile cha kubebea maziwa ya jioni nyumbani.

"Maziwa ya jioni bado, mutoto wangu. Lakini nitakuoshea kabisa. Upite kukamata saa ya kurudi."

"Asante, Mukecuru. Nataka kukuuliza tena juu ya jana."

"Uliza. Kinywa hakizuie mikono." Na kweli mikono yake ilikwisha kuanza kazi peke yake: akainua birika, akajaza maji yanayochemka ndani ya kijerikeni, akatikisa.

"Cubaka aliondoka lini?"

"Adhana ilikuwa imekwisha. Aliniambia, Mukecuru, naenda ku soko. Maman Nasiba alikuwa ametangulia kwenda kuswali. Akienda kuswali, njo miye nalinda mulango yake. Tangu wakati wa bwana yake vile."

"Na baada ya hapo nani aliingia?"

"Hakuna."

"Hata mmoja?"

"Afande, miye niko na macho. Mvua ilinyesha, ya nguvu, bantu bote bakakimbia. Hakuna muntu aliingia mule. Cubaka alitoka, na Maman Nasiba akarudi, akapiga makelele." Akamwaga maji ya moto barabarani, akakipindua kijerikeni, akakikung'uta mara moja, na kabla mvuke haujaisha akakifunga kifuniko kwa kiganja chenye nguvu. "Kijana nilikuwa namupenda. Lakini nitasema uongo? Ni yeye mwenye alikuwa mule."

"Mbona unakifunga na hakijakauka?"

Bibi alimtazama kama ameulizwa kwa nini watoto wanavalishwa nguo. "Chombo cha maziwa kinaachwa wazi? Na hii vumbi? Kwetu hata icyansi, ile chombo ya mti ya maziwa, haikose kifuniko. Maman wako hakukufundisha?"

Mukamurenzi akacheka kidogo, akashukuru, na kwa kuwa hakujua kama angerudi mapema, alikibeba kijerikeni kitupu akakitupa kwenye kiti cha gari.

Alirudi karakana, akauliza yale yale, akajibiwa yale yale. Simu ikalia. Ni mkuu wa kituo: faili iko wapi? Inspekta akasema inakuja. Akatoka kwenda garini kuichukua, huku amevunjika moyo waziwazi, maana alijua anampeleka gerezani mtu ambaye hakufanya kosa, na hakuwa na neno hata moja la kuandika badala yake.

Alifungua mlango wa gari, akasogeza kijerikeni ili aketi. Akasita.

Kijerikeni kilikuwa kimejikunja. Mbavu zake zimeingia ndani, zimekaribia kugusana. Hakuna aliyekikalia, hakuna aliyekigonga. Gari lilikuwa limefungwa na ufunguo ulikuwa mfukoni mwake.

Alikishika muda mrefu. Kisha akazungusha kifuniko.

Fyuuu.

Inspekta Mukamurenzi alikaa ndani ya gari, akakifunga, akakifungua, na akajiona mjinga kuliko watu wote wa wilaya. Nasiba alikuwa amemwambia. Alimwambia kwa Kiswahili chepesi kabisa, naye hakuandika.

Maji ya moto huacha mvuke. Mvuke hufukuza hewa yote chomboni. Ukifunga hapo hapo, na chombo kikapoa, mvuke unarudi kuwa tone la maji, na ndani hakubaki kitu cha kusukumana na hewa ya nje. Hewa ya nje inakiminya. Plastiki hujikunja. Alumini iliyolainishwa kwa moto nayo hujikunja, na hewa haina nyundo wala kucha.

Alifurahi kwa muda wa kuvuka barabara tu. Kwa maana aliyefunga alikuwa mtu, na sasa alikwisha kumjua, na angependa awe mtu mwingine yeyote.

Aliwaita wote ndani ya karakana: Nasiba, Muderhwa, Cubaka na pingu zake, na mukecuru aliyekuja akijifuta mikono kwa kitenge, akiuliza kama watakawia, maana maziwa yako motoni. Juu ya jiko la Cubaka inspekta aliweka debe la bati, la mafuta ya kupikia, lenye maji kidogo ndani. Walisimama wakilitazama mpaka mvuke ukatoka kwa nguvu mdomoni mwake. Muderhwa aliguna. Hakuna aliyeelewa lolote.

"Mukecuru, nisaidie," alisema inspekta. "Hiki chombo kimeoshwa na maji ya moto. Sasa ungekifanya nini?"

"Nitakifunga! Mutaacha vumbi iingie?" Hakusubiri kuombwa mara ya pili. Alikamata debe kwa pindo la kitenge, akalitoa motoni, akabana kifuniko kwa kile kiganja chake, akalitua kwenye sakafu ya sima karibu na mlango, mahali pa baridi.

"Kama jana."

"Sawa jana," alikubali, akijinyoosha. "Mvua ilinifukuza kule inje, nikakuya humu. Nikakuta chombo iko ku jiko, mudomo wazi, inatoa moshi, sawa nyumba haina maman. Nikaifunga muzuri, nikaitua chini. Banaume habajue kutunza chombo."

Cubaka aligeuka kumtazama bibi.

"Mukecuru," alisema Mukamurenzi, na hakupenda sauti yake mwenyewe, "uliniambia hakuna mtu aliyeingia."

"Hakuna mwenye aliingia!" bibi akasema kwa ukali. "Ni miye tu."

Ndipo debe likalia. Ko! Kila mtu aliruka. Likalia tena, ubavu mmoja ukaingia, na wa pili ukaufuata, likajikunja pale sakafuni mbele ya macho yao, taratibu, bila mkono wa mtu.

Nyiransabimana alilitazama debe. Akalitazama tangi juu ya meza, lenye mikunjo ile ile. Hakuna aliyemweleza chochote. Kisha macho yake yakashuka kwenye pingu za Cubaka, na uso wake wote ukalegea.

"Ni miye," alisema.

"Mukecuru, ulifanya kwa wema," inspekta alianza.

"Nilisema ni yeye. Nilisema mbele ya askari." Alinyoosha mikono yake miwili, vifundo vimevimba kwa kufinya vifuniko miaka yote. "Afande, hiyo chuma mumuvue huyu mutoto. Munivalishe miye. Mikono yenye ilifanya ni hii."

Mukamurenzi alimfungua Cubaka. Pingu alizitia mfukoni, upande wa mbali na bibi. Kisha akamgeukia Muderhwa, maana kesi ilikuwa yake, na alikuwa ameapa tangu jana kwamba aliyegusa tangi la baba yake ataoza ndani.

Muderhwa alikuwa anatazama viatu vyake. Kila alipovuka daraja asubuhi alikunywa maziwa kwa huyu mukecuru. Na baba yake kabla yake.

"Inaweza kurudi?" alimwuliza Cubaka, bila kuinua kichwa. "Ile tangi."

"Nikiijaza maji, nikisukuma na pompe, itatoka. Haitakuwa sawa ilivyokuwa. Mikunjo itabakia." Cubaka alisugua viganja vyake. Akasita, na mdomo wake ukapinda kidogo. "Itaomba mastiki ya kujaza mikunjo. Na rangi."

"Nyekundu?"

"Nyekundu."

Muderhwa akaitikia kwa kichwa. Kisha akamwambia inspekta aandike kwamba ameondoa mashtaka, na kwamba hana la kusema tena.

Walipogeuka, bibi hakuwepo. Alikuwa amekwisha kuvuka barabara. Mukamurenzi alisimama mlangoni akamwona akienda kopo kwa kopo, akivitoa vifuniko vyote, kimoja baada ya kingine, na kuviweka chini kwa mbali kama vitu vyenye sumu. Kamyo la sementi lilipita, likaacha wingu lake, na makopo yote yalikuwa wazi, na bibi amesimama katikati yake, mikono ameificha ndani ya kitenge.

Inspekta alitaka kwenda. Cubaka alimtangulia. Alivuka bila kutazama huku wala huku, akaokota kifuniko cha kwanza, akakipangusa vumbi kwa shati lake, akakirudisha mahali pake. Halafu cha pili.